Kibao cha Dakika Ishirini

Jumatatu, 4 Machi

Habari njema. Mzee wa karakana ya meno anastaafu mwisho wa mwezi. Macho yamechoka, mgongo umegoma, na anasema mikono yake sasa inatetemeka kuliko wagonjwa. Nilisikitika kwa kiasi kinachostahili. Kisha nikakitazama kiti chake.

Kiti hicho kina magurudumu. Kina mgongo wa kuegemea. Kiko dirishani, mbali na vumbi la plasta tunayotengenezea kalibu. Mimi nimekalia stuli ya mbao yenye mguu mmoja mfupi kwa miaka kumi na moja, nikitengeneza meno bandia ya watu ambao wakitoka hapa wanakwenda kukaa kwenye sofa. Anayerithi kiti anarithi na cheo: mkuu wa karakana, ufunguo wa kabati, na haki ya kumwambia mwenzake arudie kazi.

Mwenzangu ni mmoja tu. Bi Taratibu. Jina hilo nilimpa mimi. Anapika fizi zake bandia kwa saa tisa, kwenye maji ya nyuzi sabini, moto usioweza hata kuchemsha chai. Mimi wananiita Chapchap. Nadhani ni kwa heshima.

Daktari, ambaye kliniki na karakana ni zake, amesema hatagawa kiti kwa kuangalia sura. Wagonjwa wanalalamika. Fizi zinakwaruzwa na mswaki, zinashika harufu, zinazeeka kabla ya wenyewe. Kwa hiyo kila mmoja wetu atapika kibao kidogo cha akriliki, ile plastiki ya fizi, kwa njia yake, kisha vibao viwili vitapelekwa chuo cha ufundi vikapimwe ugumu kwa mashine. Mwenye kibao kigumu zaidi ndiye mwenye kiti. Tunapika Jumatatu ijayo, tunapima Jumanne.

Nimeshashinda. Kilichobaki ni kupika tu.

Jumanne, 5 Machi

Nimeiandika nadharia yangu kwenye karatasi safi. Iko hivi. Kila kitu kinachopikwa sana hulainika. Maharage. Viazi. Nyama ya ng'ombe mzee. Sasa mtu anachukua unga wa akriliki, anauchanganya na dawa yake ya maji, anapata donge, analikandamiza kwenye kasha la shaba lenye plasta ndani, halafu anakwenda kulichemsha kutwa nzima na anategemea litoke gumu. Haiingii akilini. Moto uwe mkali na muda uwe mfupi. Dakika ishirini. Sijui vyuo vinafundisha nini.

Nilimsomea Mzee. Akasema haraka haraka haina baraka. Nikamjibu kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo. Akasema tuache methali tuzungumze kazi: ile dawa ya maji ikipata joto la ghafla inachemka humo humo ndani na kuacha viputo, na isipopewa muda wa kushikana na unga, nyingine inabaki mbichi ndani ya fizi, nayo ndiyo inayoilainisha. Nilimsikiliza kwa adabu. Mtu anayeaga huwa na maneno mengi.

Jioni nilimsomea mama mkwe. Yuko kwetu tangu Ijumaa. Meno yake ya chini yalimponyoka kwenye sinki yakapasuka vipande vitatu, na mimi, mke wangu akiwa ananitazama, nikajitolea kumtengenezea mapya yawe tayari Jumatano. Hawezi kurudi kwake bila meno. Yeye ndiye kiongozi wa kwaya, na sasa hivi nusu ya herufi zinamtoroka. Anaongea huku amejifunika mdomo kwa ncha ya mtandio. Amekalia kiti changu, kile cha mbele ya televisheni, na mtu hawezi kumwinua mama mkwe.

Nilipomaliza kusoma alifikiri kidogo. Kisha akauliza, na yai je?

Nikamwambia yai ni jambo jingine.

Jumatano, 6 Machi

Meno ya mama mkwe ndiyo jaribio la kwanza la nadharia. Nilichemsha maji mpaka yakaruka, nikatumbukiza kasha, nikahesabu dakika ishirini, nikalitoa, nikalipoza chini ya bomba. Bi Taratibu alikuwa upande wa pili akitia alama kazi zake. Ana tabia hiyo: kila anachotengeneza anakikwaruza nukta moja ndogo upande wa chini kwa sindano. Hata brashi zake. Hata kikombe chake cha chai. Nilimuuliza kama na mume wake amemtia nukta. Akasema huyo hana haja, hakuna atakayemwiba.

Nilifungua kasha. Meno yamekaa sawa. Rangi ya waridi nzuri. Ila ile sehemu nene ya fizi ilikuwa na vishimo vingi vidogo, kama sifongo la kuoshea vyombo. Mzee alipita, akaangalia, akaendelea na safari yake bila kusema neno. Nimeona ni utovu wa nidhamu.

Nimeyaficha kwenye droo. Nyumbani nimesema kuna uhaba wa plasta.

Alhamisi, 7 Machi

Nimegundua kosa. Dakika ishirini zilikuwa nyingi.

Ndani ya boksi la akriliki mpya kuna karatasi ya maelezo. Imeandikwa kwamba aina hii inaweza kuiva kwa mikrowevu kwa dakika tatu. Tatu! Nilisoma mpaka hapo nikaikunja. Anayejua hahitaji kusoma sana.

Mikrowevu iliyopo ni ile ya chumba cha chai, ambayo watu hupashia chakula cha mchana. Nilingoja wote wawe wameshughulika. Nikaingiza kasha langu la shaba, nikafunga mlango, nikabonyeza tatu.

Ilitoa radi. Sisemi kwa mfano. Mwanga wa buluu, mlio wa kutatarika, kisha harufu ya waya, kisha kimya. Taa za korido nazo zikazimika kwa heshima. Daktari alitoka na drili mkononi akauliza nini kimelipuka. Nikasema nimesikia na mimi, pengine ni jirani.

Bi Taratibu alikuja na chakula chake kukipasha. Akaitazama mikrowevu, akalitazama kasha lililokuwa bado ndani yake, akanitazama. Kisha akaikunjua ile karatasi, akapiga mstari kwa penseli chini ya sentensi inayofuata ile niliyoisoma, akaniwekea mezani. Inasema kasha liwe la plastiki maalumu, lisiwe la chuma wala la shaba kwa hali yoyote. Akala chakula chake baridi. Wivu ni ugonjwa mbaya.

Ijumaa, 8 Machi

Kuna akriliki nyingine isiyohitaji moto kabisa. Unaichanganya, unaiacha, inajikaza yenyewe kwa robo saa. Sisi huitumia kuunga meno yaliyovunjika. Nikajiuliza kwa nini tunahangaika na moto wakati uvivu umeshavumbuliwa.

Nilimtengenezea mama mkwe seti nzima ya chini kwa hiyo. Nikampelekea saa saba mchana, bado ina joto lake. Alivaa. Alifumba mdomo, akaufumbua, akasema neno lenye herufi zote. Mke wangu alitokwa na machozi. Mimi nilitazama kiti changu.

Usiku kwa chakula alisema meno yanamwacha na ladha ya rangi ya ukutani. Nikamwambia ndiyo upya wenyewe huo.

Jumamosi, 9 Machi

Mama mkwe ameamka na fizi nyekundu. Zinawaka moto. Meno yenyewe ameyasugua kwa mswaki mara mbili tu na yameshachakaa kama kijiko cha zamani. Ameyavua, ameyaweka kwenye sahani katikati ya meza, amejifunika mtandio. Hakunilaumu. Alisema tu kwamba yeye alijua fundi mzuri huchelewa. Afadhali angenilaumu.

Mke wangu amenilaumu kwa niaba yake.

Mchana, kubadilisha mazungumzo, niliwaeleza kuhusu mashine ya chuo. Nimeshasimuliwa. Ina ncha ya almasi, ndogo kuliko ya sindano. Inakandamiza kibao kwa uzito maalumu, inaacha alama ya pembe nne, kisha mtu anachungulia kwa hadubini na kuipima alama upana wake. Mama mkwe akasema, kumbe ni kama kubonyeza mkate kwa kidole gumba. Mkate wa leo kidole kinazama, mkate wa wiki iliyopita hakizami. Nikamwambia hapana, Mama, hii ni sayansi, ina almasi. Kwa mtu wa umri wake si vibaya kukosea.

Jumapili, 10 Machi

Nimepumzika. Nimekaa kwenye ndoo.

Jumatatu, 11 Machi

Siku ya kupika vibao. Lazima niandike yote, maana hakuna atakayeyajua zaidi ya daftari hili.

Saa mbili asubuhi tulipewa kila mtu beseni lake la maji ya moto. Bi Taratibu akaweka kasha lake, akazungusha kitufe hadi nyuzi sabini, akaweka saa, akaenda kuchonga meno ya mtu. Mimi niliamua kurudi kwenye dakika zangu ishirini, lakini kwa ustadi zaidi. Kwanza nipashe kasha kidogo kwa nyuzi sabini, dakika tano tu, lisishtuke. Kisha nipandishe mpaka lichemke. Nikatumbukiza kasha, nikaweka kitufe kwenye sabini.

Papo hapo mke wangu akapiga simu. Mama ametoroka. Ameacha godoro limekunjwa vizuri na barua kwamba anarudi kwake hivyo hivyo bila meno, kwaya watamzoea.

Nilimkuta kituo cha mabasi, amekaa kwenye begi lake, mtandio mpaka puani. Basi lake lilikuwa bovu. Tulikaa hapo pamoja. Nilimbembeleza kwa maneno yote niliyo nayo, ambayo si mengi, na nilipomaliza nikaanza upya. Saa sita nikamnunulia chai. Saa nane akaniuliza swali ambalo sikulitegemea: kama kazi hii ya meno naipenda. Nikasema naipenda. Akauliza kama napenda kuifanya au napenda kuimaliza. Nikasema basi lake naona limepona, bora tuondoke kabla hajaliona. Alicheka, akasahau kujifunika mdomo. Nilimrudisha nyumbani.

Nilipokumbuka kibao ilikuwa saa kumi na moja jioni. Nilikimbia. Kasha langu lilikuwa bado kwenye beseni, kwenye nyuzi zile zile sabini. Saa tisa nzima! Nilikuwa nimepika kama Bi Taratibu, tena bila hata kukusudia. Bi Taratibu mwenyewe alikuwa ameshatoa chake na kwenda zake, na Mzee na Daktari pia.

Sikukata tamaa. Niliona nikichemsha sasa huenda ule ulaini uliozidi ukavukizwa. Nikapandisha kitufe mpaka mwisho. Maji yakachemka saa nzima huku nikifagia, ili mtu akipita aone mwadilifu. Nilipotaka kutoa kasha nilipoze kwa bomba, umeme ukakatika. Giza, maji yanachemka, sioni koleo. Nikaliacha kasha humo humo lipoe lenyewe mpaka asubuhi.

Kwenye fomu ya Daktari, mahali pa kuandika muda wa kupika, nimeandika: dakika ishirini. Siwezi kuiaibisha nadharia.

Jumanne, 12 Machi

Nimefungua kasha alfajiri. Kibao kinang'aa. Hakina kiputo hata kimoja. Hilo halikunidanganya. Viazi vilivyoiva sana navyo hupendeza kwa nje.

Nilijua nimekwisha. Kitu kilichopikwa saa tisa, kisha kikachemshwa saa nzima, kisha kikalala kwenye maji yake usiku kucha: hiyo si akriliki tena, hiyo ni uji. Kwa hiyo nilijitolea kubeba vibao vyote viwili kwenda chuoni. Daktari alisema hiyo ni roho nzuri. Kila kibao kilikuwa na karatasi ndogo ya gundi yenye jina la mwenyewe.

Mhadhiri wa maabara ni kijana mwenye miwani na subira nyingi. Kabla wengine hawajafika alivikandamiza vibao vyote viwili kwa ile almasi, mara moja moja, kuijaribu mashine. Alianza kunieleza jinsi ya kuzisoma alama. Nikamwambia nilikuwa nashika vyombo vya kupimia yeye akiwa bado ananyonya. Akatabasamu, akaenda getini kuwapokea Daktari na Bi Taratibu.

Nikabaki peke yangu na hadubini.

Ndani yake kuna mistari kama ya rula. Nilichungulia kibao cha Bi Taratibu. Alama yake, kona hadi kona, mistari sabini na miwili. Nikasogeza changu. Sitini na minane. Nilihesabu mara mbili. Sabini na mbili, sitini na nane. Hata mtoto wa darasa la kwanza anajua nani ameshinda.

Nilisikia viatu kwenye korido. Sikuona haja ya kufikiri. Nikabandua jina langu nikalibandika kwenye kibao chake, nikabandua jina lake nikalibandika kwenye changu. Mikono haikutetemeka. Mzee angeona angelia.

Waliingia. Mhadhiri akakandamiza kila kibao mara tano, akapima, akapiga hesabu. Nilisimama karibu na Daktari ili nisihangaike kumfikia wakati wa pongezi. Mhadhiri akasoma. Kibao chenye jina langu, kumi na saba nukta tisa. Chenye jina la Bi Taratibu, ishirini kamili na kidogo juu. Akasema kibao cha mama huyu ni kigumu kuliko vyote vilivyowahi kuletwa hapo na karakana yoyote ya meno, na angependa kujua kimepikwaje.

Nilisema pana kosa, maana alama yake ni ndogo. Mhadhiri akanieleza kwa upole kwamba ndiyo maana. Kitu kigumu hakikubali ncha izame. Alama ikiwa ndogo, ugumu ni mkubwa. Akatafuta mfano rahisi. Akasema, ni kama kubonyeza mkate kwa kidole gumba.

Nilirudi kwa miguu.

Jumatano, 13 Machi

Nimekaa na jambo hili mchana mzima. Naliandika mara moja, sitalirudia. Kibao kigumu kuliko vyote ni changu. Nilishinda. Kisha nikabeba ushindi wangu kwa mikono yangu nikambandikia mwenzangu jina.

Iliniuma.

Siwezi kusema. Nikisema kibao ni changu, lazima niseme jina lilihamaje. Daktari amekitundika ukutani chumba cha mapokezi, ndani ya fremu, chini yake jina la Bi Taratibu. Wagonjwa wanakitazama wakisubiri. Mmoja ameuliza kama ni biskuti.

Bi Taratibu hana furaha. Amekaa anaitazama ile fremu tangu asubuhi. Amepika vibao vingine viwili kwa saa zake tisa, akavipeleka chuoni mwenyewe. Nasikia vimetoka kumi na nane, kumi na nane. Bahati haiji mara mbili.

Ijumaa, 15 Machi

Bi Taratibu amemaliza meno ya chini ya mama mkwe. Sikumwomba mimi. Mke wangu alimpigia simu. Saa tisa kwenye maji, hakuna kiputo, hakuna ladha. Mama mkwe aliyavaa, akaomba karoti mbichi, akaing'ata mbele yetu. Ule mlio! Alikula karoti nzima, na machozi yanamtoka, na mke wangu naye, na mimi nikaenda kuangalia kama bomba la jikoni linavuja.

Lakini jambo la leo ni jingine. Jioni, Daktari na Mzee wakiwa wameondoka, Bi Taratibu alikuja kwenye stuli yangu. Mkononi alikuwa na ile fremu. Aligeuza kibao, akaniambia nitazame. Nikatazama. Sikuona kitu. Akasema ndiyo, yeye pia hakuona kitu. Hakuna nukta. Akasema yeye tangu ajifunze kazi hajawahi kutoa kitu mkononi bila nukta, kwa hiyo kibao hiki si chake. Na kile chenye jina langu, kilichobaki chuoni, amekitazama jana. Kina nukta.

Nje kulikuwa na mtu anatwanga kitu, nikawa nasikiliza mchi wake.

Alisema hataki kujua majina yalihamaje. Pengine gundi. Pengine upepo. Anachotaka ni kitu kimoja: nimwambie kibao hiki kilipikwa vipi, joto gani, muda gani, kilipozwa namna gani. Maana mtu aliyeweza kutoa ugumu huu anastahili kile kiti, na watu wanaovaa kazi zetu wanastahili fizi za namna hii. Nikimwambia, Jumatatu ataingia kwa Daktari, atasema vibao vilichanganyikana, kiti ni changu. Hatasema zaidi ya hapo.

Nilimtazama usoni. Hakuna kona ya kufichia hila. Ni uso wa mtu anayengoja maji yafike nyuzi sabini.

Hapo nikautambua mtego.

Nani anatoa kiti hivi hivi? Nikisema saa tisa, nimekubali kwamba kwenye fomu niliandika uongo. Nikisema nilichemsha, nikaacha mpaka asubuhi, nimekubali kwamba nilisahau. Na nikikubali kibao ni changu, nimekubali yote. Mwerevu huyu anasubiri nifungue mdomo tu. Nikamwambia kwa sauti thabiti kwamba kibao ni chake, bila shaka ilisahaulika nukta, watu huzeeka. Changu mimi nilikipika dakika ishirini, kama fomu inavyosema, na kilishindwa kihalali.

Aliuliza kama nina hakika. Nikaapa.

Kisha akasema sawa, akairudisha fremu ukutani taratibu, akaniaga.

Nilimzidi akili. Miaka kumi na moja anangojea nijikwae, na leo nimemruka kama dimbwi.

Jumatatu, 18 Machi

Daktari amemtangaza Bi Taratibu kuwa mkuu wa karakana. Tulipiga makofi. Mzee alimkabidhi ufunguo wa kabati. Kiti bado kiko dirishani. Hakukikalia. Alikivuta pembeni kidogo, akakipangusa vumbi, akaendelea kukaa kwenye stuli yake. Daktari alipomuuliza, alisema anamngoja mwenye kiti. Daktari alicheka, akidhani ni utani. Mzee hakucheka. Alinitazama mimi, sijui kwa nini.

Nimeyapima haya kwa utulivu. Mtu anayeogopa kiti chake hatakaa nacho muda mrefu. Kabla ya mwaka kwisha ataitisha shindano jingine, na mimi nitakuwa tayari.

Nyumbani, mama mkwe ameyapenda meno ya chini mpaka ya juu sasa anayaona mabaya. Ni ya zamani, yamegeuka manjano. Amesema hatarudi kwenye kwaya akiwa na rangi mbili mdomoni, atangoja ya juu. Anangojea kwenye kiti changu. Kwa hesabu ya leo sina kiti mahali popote.

Mke wangu alitaka kumpigia simu Bi Taratibu. Nikamwahi. Nikasema safari hii natengeneza mimi, na yatakuwa tayari kesho. Mama mkwe akaniuliza nitayapika kwa muda gani. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, nimeshajifunza.

Nimerudi karakana usiku huu, niko peke yangu. Maji yanaruka. Nimeitafakari upya nadharia yote kuanzia mwanzo, nikaona wapi nilipoteleza. Nimetumbukiza kasha. Dakika kumi na tano. Ishirini zilizidi.